Sakafu ya Athuman Iliyoota Kilima

Athuman, muuza viatu wa mjini Mpanda, alikwenda Dar es Salaam kumuoza mpwa wake, akarudi na wazimu wa sakafu. Kule nyumbani kwa dada yake alivua makobazi mlangoni, akakanyaga sakafu ya mbao kwa mara ya kwanza maishani, na mguu wake, kwa maneno yake mwenyewe, "ukasalimiwa." Tangu siku hiyo hakupata raha tena sebuleni kwake Misunkumilo. Kila akikanyaga marumaru alikunja uso kama mtu aliyekanyaga barafu.

"Marumaru haina utu, Mama Kauthar," alimwambia mkewe. "Unaikanyaga, inanyamaza. Mbao inakujibu."

Sasa shida ni kwamba mkewe, Bushra, alikuwa anauza marumaru. Duka lake lilijulikana mpaka Nsimbo, na sebule yake ndiyo ilikuwa tangazo lake: mteja akisitasita, analetwa nyumbani, anaonyeshwa sakafu inavyong'aa, anarudi dukani ameshalainika.

"Muuza marumaru akae kwenye mbao?" Bushra aliuliza. "Kesho watasema muuza mchele anakula ugali wa kuazima."

Wakabishana kipindi chote cha mavuno. Binti yao Kauthar, aliyekuwa anasomea uuguzi, akaanza kula chakula chake jikoni akimaliza haraka. Mwishowe Bushra akachoka, akatoa sharti: mbao zipimwe mbele yake, hadharani, na itakayofaulu ndiyo itawekwa. Alikuwa na hakika hakuna itakayofaulu.

Athuman akamwita fundi Evodi wa Litapunga. Evodi alisifika kwa milango na vitanda. Sakafu hakuwahi kutengeneza hata moja, lakini hakuona sababu ya kulisema jambo hilo.

"Sakafu ni nini, mzee?" alisema akijipiga kifua. "Sakafu ni mlango uliolala."

Athuman aliona hiyo ni hekima kubwa, akampa kazi palepale.

Jaribio likafanyika uani siku ya Jumapili, kwa sababu Bushra alikuwa amemteua jirani yao Kasilda kuwa mpimaji, na Kasilda huvaa mchuchumio Jumapili tu. Kasilda alikuwa kiongozi wa sauti ya pili kwenye kwaya, mwanamke aliyejaaliwa mwili wa kutosha na hatua za kishindo. Visigino vya viatu vyake vilikuwa vyembamba kama misumari. Alitoka ibadani moja kwa moja, akakuta majirani wamejipanga ukutani kama wamekuja kwenye mechi.

Evodi akalaza mbao chini, akaanza na paini iliyotoka Mafinga, nyeupe, laini, yenye harufu nzuri.

"Hii inapigika msumari kama sabuni," akasifu.

Kasilda akakanyaga. Kisigino kikazama chote. Akavuta mguu, ubao ukaja nao. Akapiga hatua nyingine, ubao ukamfuata, na mguu wa pili ukanasa kwenye ubao wa pili. Akasimama katikati ya uwanja kama mtu aliyevaa mitumbwi, na ikabidi watu wawili wamshike mabega huku Evodi akimnasua kwa patasi.

"Paini imefeli," Bushra akatangaza. "Inayofuata!"

Ikafuata mkola, mbao nzito, nyekundu ya kahawia, ngumu kuliko maelezo. Kisigino hakikuacha hata alama. Evodi akataka kuonyesha ubora wake, akapiga msumari, msumari ukapinda. Akapiga mwingine, nao ukapinda. Akaleta mashine ya kutobolea, ncha ikakatika, ikaruka mpaka kwenye sufuria ya jirani.

"Hii si mbao," Athuman akasema kwa heshima. "Hiki ni chuma kilichoota majani."

Ya tatu ilikuwa mkurungu. Hapo watu waliguna, maana rangi yake ilikuwa kama maini mabichi. Nzuri ajabu. Evodi akaipiga randa kidogo ili wauone uzuri wake wa ndani, upepo ukainua unga wake, na uani kote watu wakaanza kupiga chafya. Ulipotulia, kanzu nyeupe ya Athuman ilikuwa imegeuka ya waridi. Bushra aliifua mara nyingi baadaye. Ikabaki ya waridi.

Mkaratusi ulitoka shambani kwa Evodi mwenyewe, ulikuwa umekatwa juzijuzi na bado ulitoa machozi. Kisigino ulikikinza vizuri. Lakini Bushra aliagiza kila ubao umwagiwe maji, uachwe juani mpaka kesho yake, na kulipokucha mkaratusi ulikuwa umejikunja kama ndizi.

"Huyu ni nyoka," akasema Bushra.

"Mama, aliyepinda ni mmoja," Evodi akamtetea. "Usihukumu ukoo mzima."

Uliobaki ulikuwa mninga. Rangi ya asali, yenye michirizi ya kahawia. Kisigino kilikuwa kimeuacha na kialama kidogo, cha adabu. Msumari uliingia bila ugomvi. Na baada ya maji na jua, ubao ulikuwa umelala palepale, umenyooka, kana kwamba usiku ule haukuuhusu. Hata Bushra aliuzunguka mara kadhaa akitafuta kosa.

"Haya," akasema kwa shingo upande. "Kama ni lazima, mninga."

Hapo ndipo Athuman alipoharibu. Mtu aliyezoea kuwa na viatu vya kila aina dukani hawezi kuchagua kimoja. Aliutazama mninga, akautazama mkurungu, akafikiria ugumu wa mkola, akaionea huruma paini, na kuhusu mkaratusi akakumbuka kwamba Evodi ameutoa bure.

"Tuweke zote," akasema. "Mistari mistari. Sebule iwe kama kitenge!"

Evodi akaruka kwa furaha. Bushra akaketi chini.

Wakaipiga sakafu hiyo kiangazi, wakati hewa imekauka hata midomo inapasuka. Bushra akaja mara moja tu, akasimama mlangoni. "Mnaacha nafasi ukutani? Hata mimi kwenye marumaru, chumba kikiwa kikubwa naacha nafasi. Vitu vinapumua."

"Nafasi ni ya mijusi, mama," akajibu Evodi, naye aligongomea ubao wa mwisho kwa nyundo kubwa mpaka ukuta ukalia. "Tazama! Hata wembe haupiti."

Kusema kweli, ilipendeza. Upande wa dirishani kulikuwa na mninga, katikati mkurungu na mkola vikibadilishana, mbele ya kochi kubwa paini, na mlangoni, pale mgeni anapokanyaga kwanza, mkaratusi, kwa sababu Evodi alitaka mali yake ionekane. Watu walikuja kuishangaa. Bushra hakuisifu, ila mchana mmoja Kauthar alimkuta mama yake amejilaza upande wa mninga, ameegemeza shavu kwenye ubao, anaongea na simu. Alipoona ameonekana akajifanya anatafuta hereni.

Kisha zikaja mvua.

Lazima isemwe hapa kwamba kibaraza cha mbele kilikuwa na marumaru za Bushra, zilizowekwa na mafundi wa Bushra, na zilikuwa zimelalia ndani badala ya kulalia nje. Wakati sebule ina marumaru hakuna aliyegundua. Maji yakiingia, yanafutwa. Sasa maji yalikuwa yanapita chini ya mlango kimyakimya na kunywewa na mkaratusi.

Mlango wa kwanza kukataa kufunguka ulikuwa ule wa ndani, unaotoka sebuleni kwenda vyumbani. Ulikataa Jumamosi asubuhi. Athuman akampigia simu Evodi.

"Ni baridi tu, mzee," Evodi akasema. "Jua likitoka utarudi."

Jua halikutoka, na Jumamosi hiyohiyo ndiyo walikuwa wanatarajiwa washenga kutoka Mwamkulu, kuja kumposa Kauthar kwa ajili ya kijana wao Rahim. Mkuu wa washenga alikuwa baba mkubwa wa Rahim, Mzee Lyamba, mkulima wa mpunga, mkali, mkavu, anayejulikana kwa kutokaa nyumba ya watu. Husema neno lake na kusimama. Alikuja na shangazi wa kijana, Bi Mwanaasha, mama mpole mwenye miwani mikubwa. Kasilda naye aliitwa kusaidia kupokea wageni, akaja na mchuchumio wake kwa kuwa shughuli ni shughuli.

Athuman akausukuma mlango wa mbele kwa bega, wageni wakaingia wakipangusa mvua, akaurudisha kwa bega lilelile. Mlango ukalia *kriii*, ukakaa. Bushra na Kauthar walikuwa jiko la nje wakipika.

Wageni wakakaa. Mzee Lyamba akakohoa.

"Sisi tumekuja. Tumeona ua katika nyumba hii..."

*Ko!* ikalia sakafu.

Mzee akatazama dari. "Radi," akasema Athuman haraka.

"Tumeona ua katika nyumba hii, na kijana wetu..."

*Ko! Kooo!*

Kikombe cha chai mezani kikaanza safari. Kilitembea taratibu, kikapita mbele ya Athuman, kikapita mbele ya Kasilda, na Mzee Lyamba akakidaka pembeni kabisa bila kukatisha sentensi. Bi Mwanaasha alikuwa na jambo lake: kiti chake, kilichokuwa karibu na mlango, kilikuwa kinapanda. Mwanzo alikuwa sawa na wenzake. Baadaye akawa anauona utosi wa Athuman. Kila *ko* alipanda kidogo, naye akashika mikono ya kiti akimwomba Mungu kimoyomoyo.

"Mbona uko juu huko?" Mzee Lyamba akamuuliza mwishowe.

"Hata mimi sijui, kaka," akajibu kwa sauti ndogo.

Wote wakatazama chini. Mbele ya mlango, mkaratusi ulikuwa umevimba, ukakosa pa kwenda, ukanyanyuka na kufanya kilima. Kiti cha Bi Mwanaasha kilikuwa kileleni.

Mzee Lyamba akasimama. "Neno letu tumelifikisha. Tunaaga."

Akaenda mlangoni, akavuta. Mlango ule ulikuwa unafungukia ndani, na kilima kilikuwa kimeupiga kabari kwa chini. Akavuta Athuman. Wakavuta wote wawili, mmoja amemshika mwenzake kiunoni kama watoto wanaong'oa muhogo. Kitasa kikatoka, wakaanguka nacho.

"Athuman," Mzee Lyamba akasema akiwa chini, kitasa mkononi, "mnatufungia humu mpaka tukubali masharti yenu?"

"Wallahi sivyo, mzee! Ni sakafu!"

Dirishani kulikuwa na nondo. Bushra akaja na mwavuli, akachungulia. "Kuna nini humo? Mbona mnapiga kelele?"

"Mama Kauthar, tumekwama."

Bushra akatazama kilima. Akatazama mume wake. Nafasi ya kusema "nilikwambia" hupatikana mara chache ikiwa imeiva hivyo, lakini wageni walikuwepo, akaimeza. Ilimpa tabu kumeza.

"Kwanza mle," akasema.

Sahani ya pilau haikupita kwenye nondo. Ikabidi Kauthar aviringishe chapati moja moja na kuzipitisha kama barua, akapitisha na nyama mkononi, huku akimwamkia baba mkwe mtarajiwa, "Shikamoo mzee, pokea paja," naye anaitikia, "Marahaba mwanangu, lete na pilipili."

Evodi alifika kwa bodaboda, amelowa. Akaweka uso kwenye nondo, akaitazama kazi yake kwa huzuni.

"Mbao zimeshika mimba," akasema.

"Evodi!" Athuman akafoka.

"Mzee, ng'oa ubao mmoja hapo mlangoni."

"Ulipiga misumari mingapi?"

Evodi akafikiria. "Sikutaka uje uniambie umelegea."

Ndipo Kasilda akasimama, akavuta gauni lake. "Nyie wanaume mnaongea sana. Kitu kikivimba kinakandamizwa." Akamshusha Bi Mwanaasha kutoka kwenye kiti, akapanda kilimani mwenyewe. Sakafu ikalia, kilima kikashuka kidogo. "Njooni wote! Turuke pamoja! Moja, mbili..."

Wakaruka. Athuman aliruka, Bi Mwanaasha aliruka akishika miwani, na Mzee Lyamba, ambaye huko Mwamkulu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia hata mvua, aliruka pia, kanzu ikipepea. Mara ya nne mlango ukaachia, ukafunguka kiasi cha mtu kupita.

"Pita, dada!" Kasilda akaamuru.

Bi Mwanaasha akapita. Alipotoka, uzito ukapungua, kilima kikapumua, mlango ukabana tena. Hapo wakaielewa hesabu yake: lazima mtu abaki juu ili mwingine atoke.

"Basi dada Kasilda abaki, sisi tutoke," Athuman akapendekeza.

"Mimi si jiwe la kuzuia mlango!" Kasilda akang'aka. "Nina mazoezi ya kwaya. Nyie wawili kandamizeni, mimi nitoke."

Wakajaribu. Athuman na Mzee Lyamba wakiwa pamoja kilimani hawakufikia nusu ya kishindo cha Kasilda. Ikabidi Kasilda aruke mwenyewe, mlango uachie, kisha achomoke kama mshale kabla haujabana. Alichomoka. Kisigino kimoja kilinasa kwenye paini njiani, akakiacha na kiatu chake, akapita ubavu, mlango ukafunga nyuma yake kwa kishindo na kuuma ncha ya kitenge alichojifunga juu ya gauni. Akakifungua palepale kibarazani, akakiacha nacho.

Ndani wakabaki wazee wawili.

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee Lyamba akavua viatu vilivyolowa, akaenda kukaa chini upande wa mninga, ambako sakafu ilikuwa tambarare kama siku ya kwanza. Akanyoosha miguu. Akaipapasa mbao kwa kisigino.

"Hii ya huku haina baridi," akasema.

"Ndiyo nilikuwa nawaambia watu," akajibu Athuman, akakaa karibu yake. Wakaendelea kula chapati.

"Wanasema mimi sikai nyumba za watu," Mzee Lyamba akasema ghafla. "Ni kweli. Tangu mke wangu alipofariki sikai. Nikikaa naona raha. Nikiona raha, kurudi kwangu kunakuwa kugumu. Kwa hiyo nasema neno langu, naondoka."

 Athuman akakata chapati yake, akampa kipande kikubwa.

"Rahim ni mvivu asubuhi," mzee akaendelea, kana kwamba kimemtoka kizuizi. "Bora nikwambie. Lakini hasemi uongo, na anapenda watu. Binti yenu mnataka nini juu yake?"

"Amalize uuguzi kwanza. Mama yake hatakubali kinyume chake, na mimi siwezi kubishana naye mambo mawili kwa mwaka mmoja."

Mzee Lyamba akacheka. Hakuna aliyejua kama ana kicheko, na kilikuwa cha kukwaruza, kama mlango wenyewe. "Amalize," akasema. "Mgonjwa wa kwanza atakuwa mimi, magoti haya."

Wakati huo msumeno ukaanza kulia mlangoni.

"Nani huyo?" Athuman akaruka. "Mama Kauthar! Unakata nini?"

"Mlango!"

"Mlango wa mninga? Mke wangu, huo ni mninga mtupu! Kata ukuta!"

"Acha kelele zako." Bushra alikuwa amepiga magoti kibarazani, msumeno wa Evodi mkononi, Kauthar amemshikia mwavuli, Evodi amesimama kando kwa sababu alikatazwa kugusa kitu. Alikuwa anakata kipande chote cha chini, kipana kama kiganja. Na alipokuwa amepiga magoti pale, maji yakawa yanampita magotini, yakielekea ndani. Akaacha kukata. Akaweka kitunguu kimoja alichokuwa nacho kwenye mfuko wa aproni juu ya marumaru zake. Kitunguu kikabingirika chenyewe mpaka mlangoni.

Hakumwambia mtu kwa wakati huo. Alimalizia kukata, akasukuma, mlango ukafunguka ukipita juu ya kilima kwa raha zake.

Mzee Lyamba akatoka na viatu mkononi, akampa Bushra mkono. "Mama, tumeelewana. Binti atamaliza masomo. Na hicho kitasa nimekiweka mezani."

Vigelegele vikapigwa mvuani. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Kasilda, aliyekuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Wageni walipoondoka, Bushra akamkuta mumewe amesimama peke yake sebuleni, anaitazama kazi. Paini imejaa matundu kama uso wa ndui. Mkurungu na mkola vimesukumwa, vimeachana katikati. Mkaratusi ndio kama ulivyoona. Mninga peke yake ulikuwa umetulia dirishani.

"Sema," Athuman akamwambia. "Una haki."

"Kibaraza changu kimelalia ndani," akasema Bushra. "Maji yote yalitoka kwangu."

Athuman akamgeukia taratibu, uso ukianza kung'aa.

"Usicheke."

"Sicheki."

"Baba Kauthar, nimesema usicheke." Lakini yeye ndiye aliyeanza, akakaa kileleni mwa kilima akajishika mbavu, naye Athuman akakaa ubavuni kwake, na kilima, kwa uzito wao wawili, kikalia *ko*, kikawaacha wakicheka zaidi.

Kiangazi kilichofuata waling'oa kila kitu. Mbao za mninga, za zamani na nyingine mpya, zilipangwa kivulini nyuma ya nyumba mpaka zikakauka kabisa, na alipokuja Evodi kuzipiga, Bushra alikuwa amesimama juu yake na kijiti chenye unene wa kidole, kila ubao wa ukutani lazima kijiti kipite. Mafundi wake wa marumaru walikuwa kibarazani wakati huohuo wakirudia mteremko, wakitukanwa kwa upole. Athuman alikatazwa kushika nyundo. Alitumwa vitumbua, akarudi, akatumwa vanishi, akarudi akakuta kazi imeisha na mlango umewekewa kamba.

"Haijakauka," Bushra akamwambia. "Subiri kesho."

Akavuta viti viwili, wakakaa kibarazani, wakaitazama sakafu kwa mlangoni mpaka jua likazama.